Siku moja na wageni wangu kwenye milima ya Harz, Ujerumani

Saa 11 alfajiri nishaamka, Wernigerode ukungu mtupu, nakunywa chai huku nacheki hali ya hewa ya kule juu, maana kilele cha Brocken kina ukungu karibu siku 300 kwa mwaka na mgeni asipokuja na koti ni shida. Leo natembeza familia ya Wakenya wanaoishi Hamburg.

Saa 2 tuko Schierke, kwenye majabali ya Schnarcherklippen. Hapa huwa siongei sana, namkabidhi mgeni dira tu. Mzee kaisogeza kwenye jiwe, mshale ukahama, akarudi nyuma ukatulia, akasogea tena ukahama tena. "Mwanangu, hili jiwe lina nini?" Lina magnetaiti, mzee, madini ya chuma yamo humo humo ndani ya granaiti.

Saa 4 tunapanda, na swali ni lile lile la kila mtu, mbona miti imekufa hivi? Mkijua mawe ya hapa mtaelewa. Harz ina fedha, risasi, shaba na zinki, watu wakachimba karne na karne, migodi ikala misitu yote, halafu wakapanda sprusi, miti ya jamii ya misonobari, kila mahali kwa sababu inakua haraka, sasa ukame wa 2018 na miaka iliyofuata ukaikuta imedhoofika na vidudu vya magome vikaimaliza. Inaniuma kila nikipita, ingawa miti michanga inaota yenyewe katikati ya mikavu.

Saa 7 mchana kileleni, mita 1,141. Mzee anasema kwao hicho ni kilima. Sawa, ila kaskazini yote ya Ujerumani hakuna kirefu zaidi, na kuanzia 1961 mpaka Desemba 1989 raia wa kawaida alikuwa haruhusiwi kukanyaga hapa, ilikuwa ngome ya jeshi mpakani mwa Ujerumani Mashariki na Magharibi.

Saa 10 jioni Teufelsmauer, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote. Ukuta wa jiwe la mchanga umesimama wima shambani. Huo mchanga ulitandazwa chini ya bahari, umelala kabisa, halafu Harz ikasukumwa juu kwenye ufa wake wa kaskazini, enzi za dainosaria hizo, ikayakunja matabaka ya pembeni mpaka yakasimama. Mtoto wao kaweka kiganja kwenye mstari wa tabaka akaufuata kwenda juu mpaka mkono ukaishia.

Saa 2 usiku nimefika home, naandaa kofia ngumu za kesho. Tunashuka Rammelsberg, mgodi uliochimbwa zaidi ya miaka 1,000 ukafungwa 1988.