Dawa ya kifafa iliyomzidishia mwanangu degedege

Mwanangu alianza degedege kabla hajatimiza mwaka, homa ilipompanda. Ulitikisika upande wa kushoto tu, kwa muda mrefu mno. Mara nyingine ukawa wa kulia. Alipoandikiwa kabamazepini tulishukuru, maana ni dawa iliyowasaidia wengi. Kwake mambo yakaharibika: akaanza kushtukashtuka asubuhi, kikombe cha uji kinamruka mkononi.

Nikanunua daftari. Niliandika saa, joto la mwili, upande uliotikisika na dawa aliyokunywa. Baba yake akawa anarekodi video kwa simu. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto alizipitia kurasa zote, kisha akauliza, "Mama, hii mishtuko ilianza kabla ya dawa au baada?" Jibu lilikuwa mle daftarini: baada.

Akanichorea. Seli ya ubongo ikitulia, umeme wa ndani yake huwa kama milivolti 70 chini ya sifuri. Ikisisimuliwa, chaneli za sodiamu, yaani vilango vidogo vya kupitisha sodiamu kwenye utando wake, hufunguka upesi kuliko elfu moja ya sekunde, sodiamu inamiminika ndani, umeme unapanda juu ya sifuri, halafu chaneli zinajifunga zenyewe. Ndivyo seli zinavyopashana habari. Kabamazepini huzishika chaneli zikiwa zimefungwa, zichelewe kufunguka tena, na kwa aina nyingi za kifafa seli zilizochachamaa hupoa.

Lakini ubongo una seli za kuchochea na seli za kutuliza. Katika ugonjwa wa Dravet, wenye jina la daktari Mfaransa Charlotte Dravet aliyeueleza mwaka 1978, mara nyingi jeni ya SCN1A, yenye maelekezo ya kutengeneza chaneli hizo, ina hitilafu, na zinazoumia zaidi kwa upungufu wa chaneli ni zile za kutuliza. Ukizibana hata chaneli chache zilizobaki, ubongo unakosa breki. Nililia pale pale. Kila mstari niliouandika ulikuwa umepata maana.

Kabamazepini ilipunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo yake, kwani kuikata ghafla ni hatari, huku valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ikipandishwa. Mishtuko ikapungua. Baadaye kipimo cha jeni kilithibitisha kwamba mwanangu ana Dravet. Homa bado humletea degedege, hivyo kipimajoto hakikosekani nyumbani, haogi maji ya moto, na jua kali likiwaka anacheza ndani.

Popote tuendapo nabeba karatasi ya daktari: asipewe kabamazepini, wala fenitoini na lamotrijini, dawa za kifafa ambazo nazo hubana chaneli hizo. Fenitoini imepigiwa mstari, kwa sababu degedege lisipokoma, hiyo ni mojawapo ya dawa zinazokimbiliwa hospitalini.