Kumbe Bradley Walsh alikua mchezaji mpira!

Wazee mwamjua yule babu wa The Chase, kile kipindi cha maswali cha TV ya Uingereza, Bradley Walsh? Mimi humuangalia kwa simu dukani hapa Kongowea wateja wakipungua, ile klipu anacheka hadi swali lamshinda kumaliza kusoma nami nacheka peke yangu, wapita njia waniona kama nimepagawa. Juzi binamu yangu, ashacheza mpira sana uwanja wa Mbaraki huyu mpaka goti likamgomea, akanambia huyo mzee alikua mchezaji mpira. Nikabisha weee.

Kumbe kweli wallahi! Alisajiliwa na klabu ya Brentford kule Uingereza 1978, ligi yenyewe hakuwahi kuchezeshwa timu ya kwanza, wakampeleka klabu ya Barnet kwa mkopo, halafu vifundo vya miguu vikamuharibikia, mpira kwisha. Na alikua ashajifunza kazi ya injini za ndege pale Rolls-Royce, si angerudi huko akatulia zake? Aaah wapi, akaenda kuchekesha watu kambi za likizo za Pontins, kama vile vijana wa animesheni, wale wa kuburudisha wageni, wanavyofanya usiku kwa mahoteli ya Bamburi. Kidogo kidogo TV, tamthilia ya Coronation Street 2004, 2009 akaigiza askari mpelelezi kwenye Law & Order: UK na mwaka huohuo The Chase ikaanza, 2018 yuko ndani ya tamthilia ya Doctor Who. Kuigiza kwa huzuni pia anaweza, hio ndio ilonishangaza zaidi.

Sasa binamu ashaanza kusema ataka kuomba kazi ya animesheni Diani. Jamani utani wake ni mbovu, lakini mwambieni nyinyi, mimi ananidai.