Mkweche wa CG nilioujenga upya uani kwa hela ya kuungaunga

Pikipiki yangu imekatwa, imechomelewa na kupakwa rangi uani, Mbagala, juu ya kreti mbili za soda. Mashine ya kupinda mabomba sina, kompresa sina, na mashine ya kuchomelea nilikodi kwa siku. Nayasema haya mapema kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia nitafute kwanza milioni mbili. Ukiacha mkweche wenyewe, kazi nzima imenila kama laki saba na ushee, na zaidi ya nusu ya hela hiyo iko kwenye breki, beringi na matairi, vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Sura haikunigharimu kitu cha maana. Kazi kubwa ya sura ni kuondoa vitu.

Tafuta pikipiki ya Kichina yenye injini ya mtindo wa CG, ya Honda. Honda walitoa CG125 mwaka 1976, na waliisanifu kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa siku mwenye chombo akikumbuka: valvu zinasukumwa na vijiti, hakuna cheni ndefu ya kulegea na kugonga kichwani. Wachina wakainakili, wakatanua silinda kutoka milimita 56.5 hadi 62, mwendo wa pistoni ukabaki 49.5, ndiyo hii tunayoiita 150. Spea zake zimejaa Kariakoo mpaka kwa muuza spea wa mtaani kwako. Walionishauri Boxer hawakukosea chombo, walikosea bei, maana hata Boxer iliyokufa bodaboda wanaigombania.

Ya kwangu ilikuwa imelala nyuma ya gereji, tanki limeoza, siti imeliwa na panya, lakini kiki ilikuwa inarudisha mguu, maana yake mgandamizo upo. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilisomana na kadi herufi kwa herufi. Isiyo na kadi iache hata ukipewa bure. Na siku ya kupaka rangi, ile sehemu ya namba izibe kwa tepu, usiipige msasa.

Injini sikuifungua zaidi ya kifuniko cha valvu. Oili mpya ya 20W-50, lita moja, plagi mpya, na pengo la valvu milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T ya kwenye sumaku (pistoni iko juu kabisa) imekaa sawa na valvu zote zimefunga. Pengo likizidi utasikia inagonga tiki-tiki. Likikosekana valvu haifungi vizuri, inaungua, na asubuhi kiki inakutoa jasho.

Sasa tanki, na hapa niacheni nijivune kidogo. Ushauri wa mtaani ni mmoja: tia nati na mchanga ndani, tikisa. Nati zinakwangua zinapofika tu, na kutu nene iko pale zisipofika, kwenye mkunjo wa chini unaokumbatia fremu. Wengine wanamwaga asidi ya betri. Asidi inakula kutu kweli, halafu inaendelea na bati.

Mimi nilitumia umeme. Toa koki, ziba tundu lake kwa kipande cha bati na gasketi ya tyubu. Jaza maji mpaka shingoni, kama lita 12 hivi, ukiwa umeyeyusha ndani yake vijiko vinne vya mezani vya soda ash, ile wanayonunua watengeneza sabuni. Magadi ya kupikia maharage ni ndugu yake, lakini yana chumvi, na chumvi inaita kutu upya. Chukua kipande cha nondo, kisugue king'ae, kivalishe bomba la plastiki ulilolitoboa matundu mengi, kisha kiteremshe kwenye mdomo wa tanki bila kugusa bati popote. Waya hasi wa chaja ya volti 12 unabana kwenye tanki, mahali ulipokwangua rangi. Waya chanya unabana kwenye nondo. Ukigeuza, kitakacholika ni tanki na nondo itabaki salama.

Hapo wengi wanakwama, wanasema haifanyi kazi. Chaja nyingi za siku hizi zisipoona betri hazitoi umeme. Dawa yake ni kuunganisha betri pembeni, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kwenye waya unaokwenda kwenye nondo uweke fyuzi ya ampia 10, kwa sababu nondo ikigusa tanki wakati betri ipo, waya unayeyuka. Mkondo wa ampia mbili hadi nne unatosha. Baada ya dakika chache utaona viputo na povu la rangi ya udongo. Viputo hivyo vina haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, mbali na jiko la mkaa na mvuta sigara, na unazima chaja na kuchomoa fyuzi kabla ya kugusa waya wowote uliobanwa. Nondo itoe kila baada ya saa kadhaa uisugue, maana inavaa uchafu na umeme unapungua. Usiweke chuma cha pua badala ya nondo, maji yake yanageuka sumu ya kromiamu. Umeme nao hupenda kwenda moja kwa moja, ndiyo maana nilipinda nondo nyembamba ya pili, nayo nikaivalisha plastiki, nikaielekeza kwenye kona za nyuma.

Niliacha usiku kucha. Kutu nyekundu ikawa tope jeusi laini, likatoka kwa maji tu. Suuza, kausha kwa feni hapo hapo, zungusha ndani nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili ya tustroki, maana kwa hewa yetu ya pwani bati tupu linashika kutu kabla hujamaliza chai. Jiandae pia kwa matundu ya sindano yaliyokuwa yamezibwa na kutu yenyewe. Nililoliona nililiziba kwa nje, kwa gundi ya chuma ya kuchanganya mbili inayohimili petroli. Asikudanganye mtu ulichomelee tanki kwa kuwa ni kavu: kinacholipuka ni mvuke, na mvuke hubaki.

Fremu. Kata nyuma ya mshikio wa juu wa shokapu, mbele ya hapo usiguse kitu. Lakini kabla ya kukata, chomoa shokapu zote mbili na uinyanyue gurudumu la nyuma taratibu kwa jeki, mpaka umbali kati ya matundu ya bolti uwe sawa na urefu wa shokapu iliyobonyea kabisa. Urefu huo unaupata kwa kutoa sehemu ya fimbo inayoonekana kutoka urefu wote wa shokapu. Hapo ndipo tairi litakapofika siku ukiingia kwenye shimo na abiria nyuma. Acha nafasi ya vidole vitatu juu yake. Pikipiki nyingi za mapambo ninazoziona mjini zimelambwa na tairi chini ya siti kwa sababu kitanzi, yaani bomba lililopindwa la kufunga fremu nyuma chini ya siti, kilipimwa chombo kikiwa kimesimama kitupu.

Kitanzi chenyewe ni bomba jeusi la unene wa nje sawa na la fremu. La kwangu lilikuwa milimita 25, ukuta wa 2. La mabati liache, zinki yake ikiungua inatoa moshi unaotia homa. Kupinda bila mashine kunahitaji mchanga mkavu uliokaangwa sufuriani, ukajazwa na kugongwagongwa mpaka ushibe, ncha zikazibwa kwa vigingi vya mti. Kigingi kimoja kitobolewe kitundu kidogo, maana mchanga wenye unyevu ukipata moto unatengeneza mvuke na kigingi kinaruka kama risasi. Pasha kwenye mkaa wenye kipulizio mpaka chuma kiwe chekundu, vuta kuzunguka rimu kuukuu ya baiskeli ya mtoto. Ule mshono wa bomba uelekeze juu au chini wakati kitanzi kimelala, usikae upande wa ndani wala wa nje wa mpindo, utapasuka.

Mafundi wengi wanaunganisha kitanzi kichwa kwa kichwa, wanapiga msasa, inapendeza, inakatika. Ndani ya kila ungio niliingiza kipande cha chuma kinachobana, sentimita tano kila upande. Kwenye bomba la nje nikatoboa matundu mawili ya milimita 8 kila upande, nikayajaza kwa kuchomelea, halafu nikazungusha ungio lenyewe lililoachwa na mwanya wa milimita 2. Fimbo za kuchomelea za milimita 2.5, ampia kama 70. Piga nukta kwanza, pima kwa uzi kutoka shingo ya fremu kwenda kila upande wa kitanzi, ndipo umalizie kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, vinginevyo joto linavuta kitanzi upande mmoja. Betri, CDI (kiboksi cha moto wa plagi) na regileta (kifaa kinachodhibiti chaji) vichomolewe kabla mashine haijawashwa.

Kujua kama kuna ufa, sihitaji maabara. Safisha, paka mafuta ya taa, subiri, futa pakauke, kisha paka chaki ya unga. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari juu ya chaki.

Nije kwenye ushauri ulionikera kuliko wote: toa boksi la hewa, weka filta ya koni, ile pembetatu ya chini ya siti ibaki wazi. Nilijaribu. Kabureta yangu, aina ya PZ27, imepangiwa jeti (kipande chenye katundu ka kupitisha petroli) kwa kuhesabu jinsi boksi na mpira wake vinavyobana hewa. Ukiliondoa, hewa inazidi na petroli ni ile ile. Sailensa inapiga baruti ukiachia mafuta, injini inachelewa kushuka mizunguko, inachemka, plagi inatoka nyeupe. Fundi mmoja akaja na kipande cha waya wa breki, anataka kupanua tundu la jeti. Kataa. Jeti ni shaba laini, tundu likishakuwa yai hakuna ajuaye tena ni namba ngapi, na jeti mpya haizidi bei ya chipsi mayai. Nilipanda kutoka 100 hadi 105, bado. Nikaweka 110 na kuipandisha sindano ya kabureta kwa kushusha klipu yake mfuo mmoja. Kipimo changu: gia ya tatu, mafuta yote, kama nusu kilomita kwenye barabara tupu, bana klachi na uzime swichi hapo hapo, vuta pembeni, toa plagi uiangalie. Nyeupe, ongeza jeti. Masizi meusi makavu, punguza. Kahawia, acha. Kwa 110 ilikubali, ikaenda vizuri, nikatembea nayo kifua mbele.

Kisha masika yakaingia. Filta ya koni iko sawia na maji yanayorushwa na gurudumu la nyuma, na maji ya Mbagala yana tope. Injini ikawa inakohoa kila dimbwi. Nikarudisha boksi, nikarudisha jeti ya 100 na klipu mahali pake, nikalipaka boksi rangi nyeusi isiyong'aa. Wanaosifia pembetatu yangu ilivyo wazi hawajawahi kuinama wakaangalia.

Siti ni plaiwudi ya milimita 9 iliyokatwa kwa kufuata kitanzi, sponji ngumu ya vipande sentimita nne, juu yake laini ya moja na nusu. Mshona makochi alimaliza jioni moja.

Breki za mbele za ngoma zinadharauliwa kwa sababu zinafungwa vibaya. Viatu vipya huwa vinagusa katikati tu. Gundisha msasa ndani ya ngoma, zungusha viatu humo mpaka vigusane kote, lainisha ile ncha ya mbele kwa tupa ili visipige kelele, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Mkono wa breki, ule wa kwenye ngoma, uwe pembe mraba na kebo pale breki inaposhika. Mkono huo ukiwa umelala, nguvu nyingi ya vidole vyako inapotea.

Waya ndizo zinazowatisha watu bure. Hizi za Kichina zinafuata rangi za Honda: kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ina moto swichi ikiwashwa, chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu mpauko ya kulia, kijani chenye mstari wa njano ni taa ya breki, kahawia ni taa ya nyuma. Nilivua plastiki yote, nikatupa kilichokuwa hakina kazi, nikabakiza fyuzi ya 10. Ukiweka indiketa za LED zitapepesa haraka mpaka ubadilishe fleshi iwe ya elektroniki. Taa, honi na vioo usiviondoe, trafiki hana habari na ubunifu wako.

Rangi ya kopo la kupuliza inapendeza mpaka siku ya kwanza petroli imwagike shingoni mwa tanki, inakunjamana. Juu yake pakahitaji klia, ile vanishi angavu, ya kuchanganya na hadena, barakoa ya kemikali usoni, mahali penye upepo. Na kama umebadilisha rangi, kadi nayo ibadilishwe.

Baada ya kilomita mia mbili tatu za kwanza, kaza upya bolti zote za injini na za shokapu, gonga spoku moja moja kwa bisibisi usikilize iliyolegea, vuta cheni, rudia chaki kwenye maungio. Kwangu zilizolegea zilikuwa bolti za mshikio wa sailensa tu. Nikaziwekea nati za kujifunga.