Fukusi ukutani: kumbukumbu ya mradi wa stoo ya Bibi, Ngamiani

Februari, kaskazi bado inavuma

Mradi wenyewe ni huu: kuwaondoa vidudu wadogo weusi wanaotambaa ukutani kila jua likianza kuchwa, na kuhakikisha hawarudi. Nyumba ni ya Kiswahili ya kawaida hapa Tanga, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na uani ndiko liliko jiko na stoo ya Bibi. Vidudu hawaumi wala hawanuki. Lakini wamefika hadi kwenye vyandarua, na mgeni akiletewa chai hukuta mmoja anaelea.

Kila niliyemwambia alinishauri ninunue dawa ya kopo nipulize. Sikuitaka. Dawa ya kopo inamuua aliyeko ukutani, na huyo wa ukutani ni ziada tu iliyomwagika kutoka mahali fulani. Kama hapo mahali hapajaguswa, kesho ukuta utakuwa vilevile, na sisi tutakuwa tumelala na harufu ya dawa bure.

Nilisoma pia mtandaoni. Maelezo mengi yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao majira ya baridi yakikaribia nyumba zao huvamiwa na vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, wale wanaokula vidukari kwenye majani ya kunde huku kwetu. Kule huingia ndani kukwepa baridi. Hawali kitu humo, wanajibanza tu darini na kwenye fremu za madirisha hadi joto lirudi, kwa hiyo mwenye nyumba anaambiwa azibe nyufa kabla ya baridi na awanyonye kwa mashine wale waliokwisha kuingia. Ushauri mzuri, kwa kwao. Tanga mdudu hana baridi ya kukimbia. Akiwa ndani, ama amefuata chakula ama amezaliwa humohumo. Kwa hiyo sikuanza na nyufa. Nilianza na swali la anakula nini.

Kuwajua kwanza

Niliwakusanya kadhaa kwa brashi ya rangi, nikawatia kwenye glasi safi, kavu. Waligawanyika wenyewe. Wengine walipanda ukuta wa glasi bila taabu, wengine waliteleza na kubaki chini wakizunguka.

Waliopanda, nilipowatazama kwa miwani ya Bibi ya kusomea, walikuwa na mdomo mrefu uliochomoza mbele na mgongoni madoa manne yaliyofifia, rangi ya kutu. Huyo ni fukusi wa mahindi. Ana urefu wa milimita 3 hivi, na anaruka, ndiyo maana anafika chumbani bila kupita mlangoni. Waliobaki chini walikuwa bapa, rangi ya kahawia: wadudu wa unga. Hao hawawezi punje nzima iliyo salama, hupenda unga na punje zilizokwisha kuvunjwa na wenzao. Maana yake, ukiwaona hao, kuna mtu alitangulia kula.

Na kulikuwa na wa tatu, wachache, ambao sikufurahi kuwaona. Mwili wa mcheduara, kichwa kimejificha chini ya kifua ukimtazama kwa juu, na nyuma pamekatika wima. Dumuzi. Huyu si wa kwetu kwa asili. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanza kuonekana upande wa Tabora. Kutoka hapo ameenea nchi nyingi za Afrika. Fukusi anakula mahindi, dumuzi anayasaga. Anatoboa zaidi ya anachokula, na hatosheki na mahindi: anaingia kwenye makopa, yaani mihogo mikavu inayopikiwa bada, ugali wa muhogo, anaingia hata kwenye mbao kavu.

Kutafuta chanzo

Niliweka visosi vyenye mahindi yaliyopondwa, kimoja kila chumba, viwili ukumbini, kimoja jikoni, kimoja stoo, nikaviacha usiku. Cha jikoni kilibebwa chote na sisimizi, kwa hiyo jikoni sikupata jibu. Vingine vilieleza vizuri: vyumba vya mbele karibu vitupu, ukumbini wachache, na kadiri unavyoelekea uani ndivyo walivyozidi. Usiku uliofuata nikavihamishia vyote stoo, kila kona chake. Kona ya nyuma ya mlango ilishinda zote.

Kona hiyo ilikuwa na vitu vitatu. Kiroba cha mahindi yaliyotoka kwa shangazi Handeni. Mafungu ya mahindi ya magunzi, ya mbegu, yamening'inizwa kwenye boriti. Na ndoo ya makopa iliyofunikwa kwa sinia.

Chini ya magunzi kulikuwa na vumbi jeupe sakafuni. Bibi alisema ni lipu inayomomonyoka. Nililisugua kwa vidole: lipu ina mchanga, hili lilikuwa laini na lina harufu ya unga. Nikafunua ndoo.

"Bibi, makopa haya ya lini?"

"Ya bada ya mfungo."

"Mfungo upi, Bibi?"

"Mjukuu wangu, chakula hakiulizwi umri."

Makopa yalikuwa na umbo la makopa kwa nje tu. Nilipoinua kimoja kilivunjika mkononi kikawa poda, na dumuzi wakamwagika. Ndoo nzima ilichomwa moto jalalani siku hiyohiyo, na magunzi yakafuata baada ya mazungumzo marefu ambayo sitayaandika hapa.

Simu kwa shangazi

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mahindi yamefika salama? Au ndiyo unanipigia kuyalalamikia?"

Sikuwa na la kulalamika. Fukusi huyafuata mahindi shambani yakiwa bado yamesimama, yakianza kukauka tu, kwa hiyo mkulima msafi kabisa anaweza kuvuna mahindi yenye mayai ndani. Nilichotaka kujua ni namna alivyoyatunza. Alisema yalikaa darini juu ya moshi wa jiko, yakiwa na magunzi, akayapukuchua siku chache kabla ya kuyatuma. Moshi unasaidia kukausha. Lakini dumuzi anapenda zaidi punje zikiwa bado zimeshikana kwenye gunzi, maana anapata pa kujikaza anapotoboa. Ndiyo sababu wakulima walihimizwa kupukuchua mapema baada ya mdudu huyu kuingia. Shangazi anayajua hayo. Anachokosa ni mikono ya kupukuchulia msimu wa mavuno.

Kuchekecha, na kwa nini hakutoshi

Tulichekecha mahindi yote uani, chekecheke juu ya beseni la maji ya sabuni. Walioanguka walizama. Ukiishia hapo utaona nyumba imetulia kwa muda, kisha kama baada ya mwezi wanajaa tena, na watu husema "wamerudi". Hawakurudi, walikuwamo. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja ndani, huziba tundu kwa ute wake. Funza anakua humo, anajigeuza humo, na anatoka akiwa mdudu kamili. Kwa joto letu safari hiyo huchukua wiki tano hivi, na muda wote huo punje kwa nje ni nzima. Chekecheke haiwezi kumwona.

Njia ya kukisia ni maji: chukua punje 100 bila kuchagua, zitumbukize. Nyingi ya zinazoelea zimeliwa ndani. Zetu zilizoelea zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, lakini si za kukatia tamaa kiroba kizima.

Punje zilizooza au kuota ukungu tulizitenga na kuzitupa. Bibi alitaka wapewe kuku. Zilizotobolewa tu, sawa, kuku wale. Zenye ukungu hapana. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kupika wala kwa kupeta. Mahali wadudu walipotoboa, unyevu na ukungu hufuata.

Jua

Hapa ndipo mradi uliponinogea. Kuanika tu kwenye mkeka huwafukuza wakubwa, wanaruka wanakwenda kwa jirani, na funza ndani ya punje anabaki. Kinachotakiwa ni joto la kuua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba kunde zikifikishwa nyuzi 57 za selsiasi kwa saa 1, wadudu wake wa kila rika hufa, mayai kwa wakubwa. Na hilo linafanyika kwa jua na nailoni.

Nilitandika nyasi kavu uani ili joto lisinyonywe na sakafu, juu yake nailoni nyeusi, juu yake mahindi yaliyotawanywa kwa wembamba, kisha nailoni angavu ya kufunika na mawe pembeni ili hewa isipite. Nikapenyeza kipimajoto katikati. Saa sita mchana ya Februari, pasipo wingu, kilipita 60 kabla sijamaliza chai. Saa nane mawingu yalikuja kutoka baharini na joto likashuka mara moja, kwa hiyo fungu hilo nililirudia kesho yake. Wenye kuanika juu ya bati watapata matokeo ya haraka zaidi, lakini wajiandae kugombana na paka.

Mchele na unga wa dona tuliutia kwenye friza, mifuko midogo midogo, kwa sababu friza ni ya Bibi na humo mna askrimu za ubuyu za kuuza. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki inamaliza kazi.

Machi, masika inanukia

Kabla ya kufungasha lazima mahindi yawe makavu, na unyevu wa pwani hauoneshi huruma. Kipimo cha maskini ni chumvi: chupa kavu, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudi juani. Kwa Tanga ongeza hatua moja: kaanga chumvi yenyewe kwanza, maana chumvi ya kopo letu ina maji tangu dukani.

Yaliyofaulu yaliingia kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS: mbili za ndani za nailoni nzito, ya nje ya salfeti. Unajaza, unakandamiza hewa itoke, unasokota mdomo wa kila tabaka, unaukunja na kuufunga peke yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mdudu aliyebaki anamaliza oksijeni, anaacha kula, anakauka. Usiufungue mapema kwa udadisi. Na usiuegemeze ukutani, panya wanatoboa.

Bibi alitaka tuweke mwarobaini. Nimekubali, majani makavu, juu ya mifuko na si ndani. Mabichi yangeongeza unyevu, na nguvu kubwa ya mwarobaini iko kwenye mbegu na mafuta yake, si majani. Lakini stoo ni yake.

Jambo moja ambalo sikulikubali ni vidonge vya kufukiza. Muuza pembejeo mmoja alinitolea kopo bila hata kuuliza nalala wapi. Vile hutoa gesi ya fosfini, na kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi hiyo. Nyumba zetu kuta hazizibi hadi juu, dari ni moja kutoka chumba hadi chumba. Anayekaa chumba cha pili ndiye atakayeivuta usingizini. Ni kazi ya maghala na wataalamu wenye vifaa.

Mwishoni mwa Aprili

Kusi imeanza. Visosi ukumbini vitupu. Stoo imesafishwa, viroba vya zamani vimechemshwa kwa ajili ya wale wanaojificha kwenye mishono, nyufa za sakafu zimezibwa kwa saruji.

Chumbani kwa watoto, hata hivyo, walitokea wengine dirishani, wafupi, wanene, wasio na mdomo mrefu. Nilizunguka hadi nikafungua begi la shule la mdogo wetu: maharage ya kuhesabia, yamefungwa kwenye soksi, kila moja na kidirisha cha duara. Mdudu wa maharage akishakuwa mkubwa hali maharage tena, anafuata mwanga tu. Sasa mtoto anahesabia visoda.

Mahindi mapya ya Handeni yatakuja baada ya mavuno ya masika. Yatapimwa kwa chumvi uani kabla ya kuvuka mlango wa stoo, na shangazi amekubali kutuma yaliyopukuchuliwa, kwa sharti kwamba niende nikayapukuchue mwenyewe. Limebaki boriti lililokuwa na magunzi. Lina matundu, na sijajua kama ni ya zamani. Nimetandika karatasi nyeusi chini yake; likidondosha unga mpya, fundi atalitoa kabla mifuko mipya haijaingia.