Stima ilipopotea mchezo ukiwa katikati

Kufikia mwaka 1981 babu yangu hakuwa na mtu wa kucheza naye sataranji. Wenzake wa barazani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wengine walikuwa wametangulia mbele ya haki, mmoja amehamia kwa wanawe Muscat, na waliobaki walikuwa watu wa bao na karata. Sisi wajukuu tulijua kete zinavyokwenda, basi. Babu alikuwa akitushinda huku anaamkiana na wapita njia, na ushindi wa namna hiyo haukumpa raha yoyote.

Mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, ndiye aliyemletea mpinzani. Alimnunua Hamburg: Chess Challenger 7, mashine ya kucheza sataranji iliyotolewa na kampuni ya Fidelity Electronics ya Miami mwaka 1979. Lilikuwa bapa pana lenye rangi ya mbao, ubao umechorwa upande mmoja, vitufe upande wa pili, na kidirisha cheusi kilichowaka herufi na tarakimu nyekundu. Haikuwa na betri. Iliishi kwa adapta iliyochomekwa ukutani. Wala haikujua kete umeipeleka wapi mpaka uiambie. Ukisogeza askari kutoka E2 hadi E4, unabonyeza herufi na namba za nyumba hizo, kisha EN, kitufe cha kuingiza. Ikishafikiri, inawasha jibu lake kwa herufi na namba vilevile, na wewe mwenyewe ndiye unayeisogezea kete yake. Kazi hiyo nilipewa mimi. Macho ya babu yalikuwa yameanza kuchoka, na kidirisha kile kiliandika b na d kwa herufi ndogo, nyingine zote kubwa, jambo lililomkera kila lilipotokea.

Nimesoma mengi juu ya mashine hizo tangu wakati ule, na heshima yangu kwa waliozitengeneza imezidi. Fidelity walianzia Chicago, wakitengeneza vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu, kabla ya kutoa Chess Challenger ya kwanza mwaka 1977. Katika ile ya kwanza walikosea hata kuandika pembeni mwa ubao: herufi ziliwekwa penye namba na namba penye herufi. Ron Nelson ndiye aliyeandika programu. Hii ya kwetu ilikuwa na prosesa ya Z80, na akili yake yote ilitoshea katika kilobaiti chache tu. Kupata kutoka humo mpinzani anayejua sheria, asiyekupa ngome yake bure, anayekuadhibu ukiacha farasi bila mlinzi, ni kazi ya watu waliokaa chini wakafikiri kweli. Babu hakujua habari hizo, ila aliitendea mashine kwa adabu. Hakuisemea vibaya ilipomshinda, na mwanzoni ilimshinda.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa Ramadhani, na Ramadhani ya mwaka ule ilianguka mwezi wa Julai, kusi likivuma. Tulitoka tarawehe, babu akanywa kahawa yake, tukafungua mchezo katika sebule ya juu. Aliiweka mashine kwenye ngazi ya kufikiri polepole. Kwa zamu za namna hiyo ulikuwa ukingoja mpaka ukasahau unangoja nini. Bibi alipita, akauliza kama mna dau humo. Babu akamjibu, "Hamna dau, na huyu hana mfuko." Bibi akaenda zake. Kwa Mashafii kama sisi, sataranji isiyo na dau ni karaha, si haramu, na suala hilo walikuwa wamelimaliza baina yao kabla sijazaliwa.

Mchezo ulienda mrefu. Mashine ilikuwa imemla babu askari mmoja katikati na ikashika vizuri. Zikabaki kete chache: babu ana mfalme, tembo mmoja, yule kete aendaye mshazari, na askari, mashine ina mfalme, farasi na askari, mmoja zaidi ya wa babu. Ilikuwa zamu ya mashine. Nilikuwa nimeshabonyeza EN, kidirisha kinafikiri, ndipo stima ikapotea.

Mtaa mzima ukawa giza. Watoto wakapiga kelele uchochoroni kama kawaida. Mimi nilishikwa na huzuni ya ajabu, kwa sababu nilijua mashine ile haina kumbukumbu ya kubaki stima ikikatika. Kila kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa kimekwisha.

"Babu, imesahau," nikasema.

"Imesahau yeye. Kete ziko wapi?"

"Ziko ubaoni."

"Basi washa kandili."

Nikaiwasha, nikaiweka pembeni mwa ubao ili vivuli vya kete visiingiliane. Babu akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza tangu mashine iingie nyumbani, hakuitazama, alinitazama mimi. Akaniambia, "Zamu ni yake. Wewe ndiye yeye sasa. Ungefanya nini?"

Nikatazama. Farasi mweusi alikuwa G5, na mbele yake askari wa babu H3 hana mlinzi. Nikasema ningemla. Babu hakusema vibaya wala vizuri. Aliweka kidole juu ya askari wake wa pembeni kabisa, wa A4, ambaye sikuwa nimemjali usiku kucha, akaniambia nihesabu nyumba zake mpaka mwisho. Nne. Kisha nihesabu mfalme mweusi, aliyekuwa F7, angehitaji hatua ngapi kumfikia. Nikahesabu kwa kidole, nikarudia. Akiondoka sasa hivi, anamuwahi. Akichelewa hatua moja tu, hamuwahi tena.

"Na farasi je, hawezi kurudi?" nikauliza.

Akanionyesha tembo wake, aliyekaa B7, jinsi anavyoitazama njia yote mpaka D5, na jinsi anavyoishika A8 ambako askari atageuka malkia. Farasi angeweza kurudi, lakini njiani angeliwa, au angefika na kuuza roho yake tu. Akanieleza yote hayo polepole, akigusa kila nyumba kwa ncha ya ukucha. Mtu yule alikuwa amecheza sataranji tangu enzi za majahazi ya Ghuba kutia nanga Bandari ya Kale, na sijawahi kumsikia akifikiri kwa sauti hata siku moja kabla ya usiku ule. Alikuwa akicheza tu, nasi tukishindwa tu.

"Huyu," akasema, akigonga bapa la mashine, "yuwaona karibu vizuri kuliko mimi. Hatua mbili tatu zilizo mbele yake hakosei kamwe. Lakini malkia wangu yuko mbali na pale macho yake yanapokoma. Akiamka atamla yule askari. Utaona."

Stima ikarudi. Kidirisha kikawaka upya kana kwamba hakuna aliyewahi kucheza. Kulikuwa na kitufe cha PB, cha kuipangia mashine hali yoyote unayotaka, na kwa kitufe hicho niliingiza kete moja moja, kila mfalme na kila askari mahali pake, kisha nikatumia PV kuhakikisha haikukosa hata moja. Babu alisimama nyuma yangu akisoma ubao, nami nikibonyeza. Tukaipa zamu yake.

Ilifikiri muda mrefu. Kisha ikaandika: G5, H3.

Babu hakucheka. Alisema "Haya" kwa sauti ya chini, akasogeza askari wake hadi A5. Mfalme mweusi alianza kurudi, lakini sasa alikuwa nyuma kwa hatua moja, na hatua hiyo haikupatikana tena. Baada ya malkia kuzaliwa mchezo haukuchukua muda. Taa ndogo ya kukiri kushindwa ikawaka.

Nilidhani tumemaliza. Babu akaniambia nizirudishe kete zilivyokuwa stima ilipopotea, mashine tuizime, adapta ipumzike kwa kuwa ilikuwa imepata moto. "Kaa upande wake," akasema. "Wewe ushajua. Nionyeshe."

Nikamwacha askari wa H3 palepale alipo, nikampeleka mfalme wangu E7. Akasogeza A5, nikaenda D6. Askari wake wa pembeni hakupita. Alijaribu upande wa pili, akamzungusha tembo, akanitega zaidi ya mara moja, nami nikahesabu kila nyumba kabla ya kugusa chochote. Mama alituita daku mara mbili. Tulipoinuka zilikuwa zimebaki wafalme na tembo wake peke yake, na kwa hao mtu hashindi.

"Sare," babu akasema, akanipa mkono, tukaenda kula. Kuanzia siku iliyofuata tulikuwa watatu: yeye na mashine kabla ya kufuturu, yeye na mimi baada ya tarawehe.