Kupiga picha Kasha la Vito bila kuipoteza nyota nyekundu

Katikati ya Mei, kama saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima na Kasha la Vito, kundi la nyota lenye namba NGC 4755 katika orodha za anga, hufika kimo chake cha juu: nyuzi 36 hivi kwa aliye Dar es Salaam. Lipige wakati huo. Likishuka karibu na upeo, hewa hutawanya mwanga na kila nyota hupata ukingo wa buluu juu na mwekundu chini.

John Herschel, aliyelitazama kutoka Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1830, alilifananisha na vito kwa sababu ya rangi zake. Nyota angavu za buluu zimeizunguka moja nyekundu, DU Crucis, na hiyo ndiyo huharibika kwanza. Pikseli zake zikijaa katika nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja, hutoka nyeupe, wala hakuna programu itakayoirudishia rangi.

Kwa darubini ya lenzi ya milimita 80, f/6, anza na ISO 200 na sekunde 5, kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kuza kiini cha DU Crucis kwenye skrini. Kikiwa cheupe, shuka hadi sekunde 3. Piga 60 hivyo, kisha 60 za sekunde 30 kwa ajili ya nyota hafifu. Viini vya nyota angavu utavichukua kwenye zile fupi.

Fokasi irekebishe kwa Mimosa, nyota angavu ya Msalaba iliyo nyuzi moja tu pembeni, ukiweka mbele ya darubini barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo kinachoichorea nyota mistari mitatu ya mwanga: mstari wa kati ukae katikati kabisa ya ile miwili inayopishana. Rudia kila joto likishuka, maana bomba husinyaa. Pwani, funga mkanda wa kupasha lenzi joto, la sivyo umande utaifunika.

Stendi ya ikweta, ile inayoifuata nyota kwa kuzunguka mhimili ulioelekezwa ncha ya anga, ina shida yake huku kwetu. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 tu juu ya upeo Dar, na Nairobi kama 1, hivyo uzito wa mizani, ule wa kuisawazisha darubini, huning'inia chini na kugonga mguu. Uwazi kati ya miguu miwili ndio uelekee kusini.

Ukishaunganisha picha kwenye Siril, programu ya picha za anga, ng'arisha kwa asinh, njia ya kihesabu ya kuinua mwanga hafifu. Njia hiyo hulinda uwiano wa rangi. Histogramu ikivutwa kwa nguvu husausha nyota.