Yule Papa mzee waliyemchagua ashike kiti tu

Tarehe 27 Aprili 2014 Papa Fransisko alipowatangaza watakatifu wawili kwa mpigo, macho yangu yote yalikuwa kwa Yohane Paulo wa Pili, maana huyo ndo niliyemjua tangu utoto. Yule mwingine, Yohane wa 23, kwangu alikuwa babu mnene wa kwenye picha za zamani, basi. Baadae nikaanza kumsoma na jamani, huyu mzee kanishika moyo mpaka leo.

Jina lake la kuzaliwa ni Angelo Giuseppe Roncalli, kazaliwa 25 Novemba 1881 kijiji cha Sotto il Monte karibu na Bergamo, Italia, familia ya wakulima ambao hata shamba halikuwa lao, wanalima la tajiri halafu wanagawana mavuno. Upadri kapata 1904. Kuanzia 1925 akawa mwakilishi wa Papa Bulgaria, halafu Uturuki na Ugiriki, karibu miaka 20 yote anaishi katikati ya Waorthodoksi na Waislamu, sehemu ambazo Wakatoliki ni wa kuhesabu, na vita ya pili ilipowaka akiwa Istanbul alihangaika sana kuwasaidia Wayahudi waliokuwa wanawakimbia Wanazi. Mi naamini huko ndo alikojifunza kumwona mtu kwanza, dini yake baadae.

Sasa 1958 makardinali wanamchagua, amebakiza mwezi tu atimize miaka 77. Wengi walimwona ni Papa wa mpito, mzee apumzike pale kidogo wakati wanajipanga kumtafuta wa kudumu. Haikupita hata miezi mitatu, 25 Januari 1959, mzee anatangaza mtaguso wa Kanisa zima, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima! Mtaguso wa mwisho ulikuwa 1869 mpaka 1870, hakuna aliyetegemea.

Ila kinachonigusa mimi zaidi ni Krismasi yake ya kwanza. Siku yenyewe kaenda kuwaona watoto wagonjwa hospitali, kesho yake huyooo gereza la Regina Coeli hapo Roma, kawaambia wafungwa nyie hamuwezi kuja kwangu, basi mimi nimekuja kwenu. Akawasimulia mpaka ndugu yake aliyewahi kukamatwa kwa kuwinda bila kibali. Papa huyo, anaongea na wafungwa habari za ukoo wake bila kuficha.

Na sisi Waafrika tusisahau, ni yeye 1960 aliyemfanya Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kabisa. Hata hizi Misa tunazosali kwa Kiswahili zimetokana na ule mtaguso wake, ingawa uamuzi wenyewe ulipita Desemba 1963 na yeye ameshafariki.

Mtaguso ulifunguliwa 11 Oktoba 1962. Usiku watu wakajaa uwanja wa Mtakatifu Petro na mienge yao, mzee akatokea dirishani, akasema hata mwezi umewahi kutoka kuja kuwaangalia, halafu akawaambia mkirudi nyumbani mtawakuta watoto, wabembelezeni, waambieni huku ni kubembelezwa na Papa. Mjue kwamba hapo wiki chache tu nyuma ameshagundulika na kansa ya tumbo. Anaumwa, anajua hali yake, na anawaza watoto waliolala majumbani. Kila nikifika hapo kwenye kusoma huwa naacha kwanza nakaa kimya.

Aprili 1963 akatoa waraka wa Pacem in Terris kuhusu amani, akauelekeza kwa watu wote wenye mapenzi mema sio Wakatoliki peke yao, na dunia ndo kwanza ilikuwa imetoka kunusurika vita ya nyuklia kwenye ule mgogoro wa Marekani na Usovieti juu ya makombora ya Kuba. Tarehe 3 Juni akafariki, upapa wake hata miaka mitano haukufika.

Kwa kawaida mtakatifu anakumbukwa siku aliyofariki, ila yeye Kanisa limemwekea 11 Oktoba, siku ile ile ya usiku wa mwezi.